Steringi Anayefia Kisimani

Kwenye vibanda umiza vya Mpanda, ambako sauti ya mtafsiri mmoja ndiyo inayosema maneno ya shujaa, ya adui na ya mama mkwe, kuna sheria ambayo hata mtoto anayechungulia dirishani anaijua: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Ukishamtambua steringi, umeshajua wa kumshangilia na wa kumzomea. Utenzi wa Fumo Liyongo unaivunja sheria hiyo, kisha unafanya jambo gumu zaidi. Unamfikisha msomaji mwisho akiwa hajui amkasirikie nani.

Kwanza kisa chenyewe, kwa kuwa huku kwetu wengi wanakijua kwa kusikia tu. Liyongo ni jitu la pwani ya kaskazini ya Kenya, mtu wa Shaka karibu na mdomo wa mto Tana, hodari wa upinde na mtunzi wa mashairi. Askofu Edward Steere alichapisha habari zake mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu akaziandika kwa beti, na utenzi huo umo katika kitabu cha M. M. Mulokozi, Tenzi Tatu za Kale, cha mwaka 1999. Lugha yake ni Kiamu. Msomaji wa Mpanda, aliyelelewa kwa Kipimbwe, Kikonongo au Kisukuma na Kiswahili cha shuleni, atasoma kidole kikiwa kwenye maelezo ya maneno. Asikate tamaa.

Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo na anataka afe. Mtego wa kwanza unashindwa, wa pili unamtia gerezani. Humo ndimo Liyongo anamopendeza kuliko mahali pengine popote. Mama yake anamtuma kijakazi Saada ampelekee chakula, walinzi wanakula kilicho kitamu na kumwachia mkate wa wishwa ambao hakuna aliyeutamani. Ndani ya mkate huo mna tupa. Liyongo anaomba ngoma ya gungu ichezwe, na kelele za matari na waimbaji zinapopanda, yeye anakata minyororo. Hadi hapo ni filamu ya kibanda umiza kabisa. Steringi ametoka, adui amechekwa.

Baada ya hapo mfalme anamgeukia mtoto wa Liyongo. Anamwahidi cheo na binti yake, ili kijana aulize kitu gani kinaweza kumuua baba yake. Kijana anakwenda, anauliza. Ukitaka kumchukia, sababu unazo tele. Lakini tazama mfalme alivyompata: Liyongo anawindwa, anaishi mafichoni, na mtoto amebaki akikua karibu na jumba la adui wa baba yake, huku watu wazima wenye vyeo wakimwita na kumsifu. Sisemi hana kosa. Masimulizi yenyewe yanasema alisitasita hata Pate wakamhimiza. Mwovu wa filamu hasitisiti.

Sasa jibu la baba. Liyongo anamwambia mwanawe wazi kwamba anahisi anatafutwa auawe. Kisha anataja: sindano ya shaba, kitovuni. Mashujaa wengi duniani wana mahali pamoja pa udhaifu. Wagiriki walimpa Akile kisigino, Biblia ikampa Samsoni nywele. Samsoni, hata hivyo, alisumbuliwa na Delila siku baada ya siku hata akachoka, tena alimdanganya mara tatu kabla ya kusema kweli. Liyongo hadanganyi hata mara moja. Mtu aliyewazidi akili walinzi kwa mkate wa wishwa alishindwa nini kusema “kisigino”?

Wapo wanaosoma hapo upendo wa mzazi asiyeweza kumnyima mwanawe. Wapo wanaosoma uchovu wa kuwindwa. Mimi nasoma kiburi, na kila ninaporudia napata hasira ileile. Baba aliyejua hatari alimkabidhi kijana mzigo ambao hata mtu mzima ungemwelemea, kisha akalala usingizi. Kijana hakufaidi lolote. Masimulizi yanatofautiana juu ya mwisho wake, ila yote yanakubaliana kwamba ahadi za mfalme zilikuwa hewa.

Mwanawe anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka na sindano kitovuni, anachukua upinde, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta mshale. Anakata roho katika mkao huohuo. Watu wanaokuja kuteka maji wanamwona, wanadhani yu hai, wanakimbia. Mji unakaa bila maji mpaka mama yake anaombwa aende kumbembeleza, na baadaye mwili unaanguka.

Wasifiaji wa Liyongo husema hapa kwamba hata maiti yake ilishinda jeshi. Ni kweli. Lakini msomaji wa Katavi hawezi kupita kisimani haraka hivyo. Kiangazi kikikaza, mto Katuma hubaki madimbwi, viboko wakabanana kwenye tope ndani ya hifadhi ya Katavi, na mjini foleni ya madumu huanza kabla ya jua. Huku mtu akisoma kwamba kisima kimezibwa, hawazi mfalme. Mfalme ana watumwa na mitungi iliyojaa. Anawaza yule mwanamke aliyerudi na mtungi mtupu, ambaye hakumfunga Liyongo wala hakumuahidi mtu binti. Upinde ule ulimlenga yeye.

Hisia hizi mchanganyiko zinatokana na namna utenzi unavyojengwa. Riwaya ya leo ingetuingiza kichwani mwa kijana, ingetupa kurasa za majuto, nasi tungehukumu. Utenzi hutoa matendo na maneno yaliyosemwa, basi. Sababu anazitafuta msomaji, na kila mmoja anazitoa nyumbani kwake.

Sisi tunaye Katabi, mwindaji wa kale ambaye hifadhi ya Katavi imepewa jina lake. Inaaminika roho yake inakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka chini ya mti huo wakiomba baraka. Katabi hana tatizo la Liyongo, kwa sababu anayepeleka sadaka haulizwi kama mwindaji huyo alikuwa baba mwema au jirani mwema. Liyongo hakuachiwa bahati hiyo. Kijumwa, aliyempenda kiasi cha kumwandika ubeti kwa ubeti, aliandika pia sindano, mtoto na kisima, wakati angeweza kuishia kwenye minyororo iliyokatwa. Saada tu ndiye sikupata cha kunigombanisha naye: aliubeba mkate kupita mbele ya walinzi, akijua angefanywa nini kama mmoja wao angeumega.