Bajeti ya kaunti: Maoni yatolewe mapema

WAKAZI wengi wa Busia na Malaba huanza kuuliza habari za soko, mitaro na maegesho ya malori baada ya bajeti ya kaunti kusomwa. Wakati huo huwa wamechelewa.

Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinaagiza umma ushirikishwe katika masuala ya fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ndiyo iliyoweka ratiba. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30.

Kwa kuwa viwango vya matumizi vya kila idara hupangwa Februari, mradi uliokosa kutajwa Septemba hupenya kwa shida Aprili.

Mchuuzi wa mpakani asiyeweza kufunga kibanda ili ahudhurie kikao anaweza kupeleka maoni yake kwa maandishi. Isitoshe, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa haki ya kuwasilisha ombi na kujibiwa bila kucheleweshwa. Kujibiwa si lazima kuwe kukubaliwa, lakini aliyenyamaza hana la kujibiwa.