Mabilioni ya Dola Ndani ya Fuwele ya Dawa

Kidonge kisichoyeyuka tumboni ni hasara kwa kila mtu. Mgonjwa amekilipia, kiwanda kimekitangaza, lakini dawa yenyewe inapita tu bila kuingia kwenye damu. Viambato vingi vinavyobuniwa maabara siku hizi vina ugonjwa huo, na hapo ndipo biashara ya kokristali ilipopata mlango. Kiambato cha dawa hufungamanishwa na kingine kisicho na madhara, mara nyingi asidi itumikayo kwenye vyakula, ndani ya fuwele moja. Molekuli ya dawa haiguswi. Kinachobadilika ni mpangilio, na mpangilio ukiwa mzuri dawa huyeyuka upesi zaidi.

Nadhani wanasheria wa hataza wameifurahia kuliko wakemia. Fuwele mpya huweza kupata hataza yake, na tangu 2018 mwongozo wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, unaitazama kokristali kama sura nyingine ya kiambato kilekile. Angalia dapagliflozin, dawa ya kisukari ya AstraZeneca iuzwayo kwa jina la Farxiga au Forxiga. Ndani ya kidonge, kila molekuli yake imekaa na moja ya propanedioli na moja ya maji. Mwaka 2024 iliingiza zaidi ya dola bilioni 7. Entresto ya Novartis, dawa ya moyo, nayo ina maji kwenye fuwele yake, na mwaka huohuo ilifikia karibu dola bilioni 7.8, kabla jeneriki hazijaingia soko la Marekani Julai 2025.

Maji ndiyo yenye vituko. Yakiwekwa kwa hesabu, huituliza fuwele. Yakijipenyeza yenyewe, huweza kuidhoofisha dawa. Carbamazepine, dawa ya kifafa inayojulikana sana kwetu, hunyonya unyevu na kugeuka haidreti: fuwele yenye molekuli mbili za maji, ngumu kuyeyuka. Mwaka 1990 FDA ilionya kwamba vidonge vyake vikikaa penye unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi ya nguvu. Hiyo ilikuwa Marekani. Fikiria Tanga au Mombasa mwezi wa Aprili.

Watafiti waliifungamanisha carbamazepine na sakarini, ile ya kutia utamu, wakapata fuwele imara. Kwa mbwa, ilifanya kazi sawa na kidonge cha sokoni. Ikaishia kwenye majarida. Dawa hiyo ni ya zamani, hataza yake imekwisha na bei yake ni ya chini. Hakuna mwekezaji atakayemwaga fedha hapo. Kokristali hufuata dawa ghali, na mgonjwa wa kifafa anabaki na kidonge kilekile.

Basi wenye maduka ya dawa, msivimimine vidonge vya carbamazepine kwenye makopo ya wazi ili kuuza kimoja kimoja. Viacheni kwenye pakiti zake mpaka mgonjwa avifungue mwenyewe.