Wanawake wa Ufipa na Kubebeana Mizigo

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kilimo hakijawahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Wafipa walizoea kulima kwa intumba: mvua zinapoelekea kwisha, nyasi hufukiwa kwa jembe la mkono ndani ya vichuguu vya udongo, zikaoza humo na kurutubisha ardhi, kisha msimu unaofuata udongo ule husambazwa ukapandwa ulezi. Kazi hiyo hutaka watu wengi kwa siku chache, kabla ardhi haijakauka ikagoma kulimika. Kaya iliyoelemewa ilipika pombe ya ulezi, ikaita majirani, nayo ikawajibika kwenda kwao zamu yao ilipofika. Mpishi wa pombe hiyo alikuwa mwanamke. Nguvu ya kaya kupata wasaidizi ilitoka mikononi mwake, jambo ambalo watu wanaohesabu majembe pekee hulisahau.

Wanawake hawakuachiwa hisani tu. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, ameeleza kwamba vijiji vilikuwa na mwanamke mwenye cheo, aliyeamua mashauri ya matusi na lugha chafu na kuwatoza faini waliokosa. Aliyevunjiwa heshima alikuwa na mahali pa kupeleka neno lake, na aliyemsikiliza alikuwa mwanamke mwenziwe. Malezi nayo yaligawanywa: mtoto aliyeachishwa ziwa aliweza kuhamia kwa bibi yake, mama akapata nafasi ya kurudi shambani.

Ukristo ulipoenea kutoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, walikofika Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, mipango hiyo ilipata sura nyingine. Sehemu kubwa ya Wafipa ni Wakatoliki, na WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania ulioanzishwa mwaka 1972, pamoja na jumuiya ndogondogo za Kikristo, umekuwa njia ya kawaida ya kujua nani anaumwa, nani kafiwa na nani hana chakula. Jumuiya hukutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao. Faida yake kubwa iko hapo: shida ya mtu huonekana kabla hajalazimika kuisema.

Fedha zilipoanza kuwa mzigo mzito kuliko jembe, wanawake walizidi kushika mchezo, yaani upatu, na baadaye VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mtindo huu wa mwisho ulitokana na vikundi vya wanawake ambavyo shirika la CARE lilivianzisha nchini Niger mwaka 1991. Wanachama hununua hisa kila wanapokutana, hukopeshana, kisha hugawana mwisho wa mzunguko. Sanduku hufungwa kwa kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa ugonjwa na msiba. Mfuko huo ni mdogo kuliko hisa, lakini ndio unaomwokoa mama asiuze gunia la mahindi kwa bei ya hasara mtoto anapolazwa.

Kinachozuia wengi kujiunga ni sifa. Mwanamke anayelima, anayelea, anayeuza maharage sokoni Sumbawanga na kumuuguza mkwe husifiwa kuwa jasiri, na sifa hiyo humfunga mdomo. Akiomba msaada anaona amejishusha.

Vikundi vyenyewe navyo vina upungufu wake. Asiye na fedha ya hisa hubaki nje, naye mara nyingi ni mjane au mzee anayelea wajukuu. Katika mkoa wa Rukwa, ambako wanawake wazee wamewahi kutuhumiwa uchawi, kubaki peke yake ni hatari ya maisha. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotengewa asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake, haimfikii mtu huyo kwa sababu hutolewa kwa vikundi. Tena utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023 na kurejea mwaka 2024. Waliokuwa na akiba yao sandukuni waliendelea kukopeshana.

Vikundi vya Sumbawanga, Nkasi na Kalambo vinapoandika katiba zao, viweke kifungu kinachomruhusu mjane au mzee kuingia kwenye mfuko wa jamii bila kununua hisa, akichangia kwa kazi anayoiweza, hata kama ni kuwaangalia watoto siku ya mkutano.