Vijana wa Bendi Wanalala Wapi, na Nani Yuko Nao?



Bendi ya gwaride ikiingia uwanjani, macho ya watu huenda kwenye tarumbeta zinazong'aa na yale mavazi. Sisi tunaofanya kazi na vikundi huwa tunajiuliza mengine. Hawa vijana wamelala wapi jana? Nani amewapikia? Na hao watu wazima wanaotoa amri pembeni, ni nani aliwaajiri, na alimjuaje kila mmoja wao?

Safari hii tumeona tueleze jinsi mambo haya yanavyofanywa Marekani, kwa sababu huko kuna bendi kubwa sana za vijana, za tarumbeta, ngoma na bendera. Si bendi za shule. Kila moja ni shirika lisilo la faida, lina bodi yake na mwekahazina wake, kama vile kikundi chenu kilivyo na kamati. Bendi kubwa huwa na vijana 150 na zaidi. Ukishafika miaka 22 hivi, nafasi yako imekwisha. Kuanzia mwishoni mwa Juni wanazunguka nchi kwa mabasi wakishindana, na fainali hufanyika Agosti katika mji wa Indianapolis. Onyesho lenyewe halizidi dakika 12 hivi. Kwa dakika hizo kijana hufanya mazoezi tangu Novemba au Desemba, na katika bendi kubwa hulipa ada inayopita dola 4,000. Si pesa kidogo, hata kwa Mmarekani.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Nyingi za bendi hizi zilizaliwa mtaani na parokiani. Bendi ya Holy Name Cadets ilianza mwaka wa 1934 katika parokia ya Holy Name, mji wa Garfield, jimbo la New Jersey. Boston Crusaders ilianza 1940 katika parokia ya Most Precious Blood huko Boston. Nyingine zililelewa na vyama vya wanajeshi wastaafu. Watoto walifanya mazoezi jioni, kisha kila mmoja akaenda kulala kwa mama yake. Mwalimu alikuwa baba wa fulani, aliyejifunza kupiga tarumbeta jeshini. Kila mtu alimjua mwenzake, au walidhani wanamjua.

Halafu viongozi wa bendi, miongoni mwao Don Warren wa Cavaliers na Jim Jones wa Troopers, wakachoka kupangiwa kila kitu na vile vyama. Wakaunda umoja wao, Drum Corps International. Mashindano yao ya kwanza ya ubingwa yalifanyika mwaka wa 1972 katika mji wa Whitewater, Wisconsin. Kutoka hapo safari zikawa ndefu. Bendi ikaacha kuwa ya watoto wa mtaa mmoja. Leo mmoja anatoka Texas, mwingine Florida, na hata Japani wanatoka. Sasa mtoto hawezi tena kurudi kwa mama yake jioni. Hapo ndipo swali la malazi likawa kubwa.

Wanalifanya hivi. Miezi ya baridi hukutana mwisho wa juma, karibu mara moja kwa mwezi, Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Wanaomba shule ya sekondari, kwa kuwa shule ina sakafu kubwa ya kulalia katika ukumbi wa michezo, ina jiko, na ina vyumba ambamo wapiga ngoma wanaweza kutengwa na wenye tarumbeta. Kambi za majaribio, zile za kuchagua nani ataingia, si lazima ziwe nyumbani kwa bendi. Bendi nyingi hufuata vijana waliko. Kwa mfano huenda Texas, ambako bendi za shule zina nguvu sana. Asiyeweza kusafiri hutuma video.

Kambi kubwa ni ya Mei. Ni wiki tatu na zaidi, kila siku, asubuhi mpaka usiku. Kwa nini Mei? Kwa sababu vyuo vikuu vya huko hufunga mwezi huo, mabweni yakabaki matupu. Chuo kinapata mapato wakati ambapo hakuna wanafunzi, na bendi inapata vitanda, jiko na uwanja mahali pamoja. Bendi ya Carolina Crown, ambayo nyumbani kwao ni Fort Mill, South Carolina, imekwenda miaka mingi katika chuo cha Gardner-Webb kilichoko Boiling Springs, North Carolina. Huo ni mji mdogo tu. Na mji mdogo una faida zake: bei ni nafuu, na hakuna majirani wengi wa kulalamika ngoma zinapolia saa tatu usiku.

Anayetafuta mahali huangalia mambo ambayo mgeni hawezi kuyafikiria. Uwanja lazima uwe na mistari ya mpira wa Kimarekani, kwa sababu kila kijana huhesabu hatua zake kutoka mstari hadi mstari. Ukimpeleka kwenye nyasi zisizo na alama, siku imepotea. Lazima kuwe na kivuli na maji ya kunywa, maana wanakaa juani karibu saa 12. Lori nazo zinahitaji nafasi ya kugeukia. Lori moja ni jiko lenyewe: linatembea na sufuria zake na friji zake, na wapishi wengi wakiwa wazazi na watu wa kujitolea wanaopika milo minne kwa siku. Minne, si mitatu, kwa vile wa mwisho huliwa usiku mazoezi yakiisha. Halafu bafu. Vijana 150 wenye jasho na bafu nane, piga hesabu mwenyewe. Sisi wenyewe wakati mmoja tuliandaa semina ya vijana tukahesabu magodoro mara tatu, tukasahau vyoo kabisa. Hatutaki kusema zaidi.

Safari yenyewe ikianza, raha ya bweni inaisha. Wanasafiri usiku, wanafika shule fulani alfajiri, kila mtu anatandika godoro lake la kujaza hewa sakafuni, analala saa chache, kisha anaamka kufanya mazoezi. Jioni ni onyesho. Baadaye kuoga, kupakia, na kurudi ndani ya basi.

Na wafanyakazi je? Juu kuna mkurugenzi, na wanaotunga muziki na kupanga mienendo ya uwanjani. Chini yao kuna mkuu wa tarumbeta, mkuu wa ngoma, mkuu wa bendera na mkuu wa mwendo. Wengi wa hawa ni walimu wa bendi katika shule au vyuo, na ndiyo maana wanapatikana: shule zikifungwa, wao wako huru. Kisha kuna walimu wadogo wengi, wale wanaosimama kando ya kijana kumrekebisha mkono au hatua. Hawa aghalabu ni vijana waliopita katika bendi hizo hizo, wakafikisha umri wa kutoka, na sasa wanasomea ualimu wa muziki. Malipo yao ni posho, chakula na mahali pa kulala. Hufanya hivyo kwa mapenzi, na ili wapate jina litakalowasaidia kupata kazi ya kweli. Ongeza madereva, wapishi, na watu wa huduma ya kwanza. Kijana anayekimbia na ngoma nzito begani huumia magoti na mgongo, kwa hiyo huduma ya kwanza si mapambo.

Wanawapataje? Kwa kujuana zaidi kuliko kwa tangazo. Mkuu wa ngoma akipewa kazi huja na watu wake, na hao watu wake walifundishwa naye. Njia hii ina uzuri wake. Kazi inaenda haraka, na mgeni asiyejua maisha ya basi hashtuki katikati ya msimu akatoroka. Lakini mtu akiletwa na rafiki, ni nani atakayemuuliza maswali magumu? Kijana wa miaka 17 yuko mbali na nyumbani, amechoka, analala sakafuni, na mtu anayeamua kama atabaki katika bendi ndiye huyo huyo anayesafiri naye usiku. Tukiwa watu wa ustawi wa jamii, hapo ndipo masikio yetu yanaposimama.

Turudi kwa ile bendi ya parokia ya Garfield. Baadaye iliitwa The Cadets tu, ikahamia Allentown, Pennsylvania, na kwa jumla ilishinda ubingwa mara 10. Mkurugenzi wake alikaa kazini zaidi ya miaka 30. Mnamo Aprili 2018 gazeti moja la Philadelphia lilichapisha habari za wanawake tisa waliosema amewadhulumu kingono kwa nyakati mbalimbali. Baadhi yao walikuwa wanachama wa bendi hiyo zamani, wengine walifanya kazi naye. Yeye alikana, lakini akajiuzulu. Bodi nayo ikaondoka. Watu wakauliza, na walikuwa na haki kuuliza: miaka yote hiyo bodi ilikuwa inasimamia nini, hesabu za fedha peke yake?

Baada ya hapo umoja wa bendi ulikaza masharti. Wafanyakazi na wa kujitolea wanachunguzwa rekodi zao za jinai kabla ya kuingia kambini, jambo linalofanana na kile cheti cha tabia njema tunachoombwa hapa kwetu tukitafuta kazi. Yamewekwa maadili ya kazi kwa maandishi, na njia ya kupeleka malalamiko bila kupitia kwa mkubwa wako. Kwa maoni yetu hili la mwisho ndilo kubwa. Cheti huonyesha tu yule ambaye tayari alishtakiwa. Yule ambaye watu wamemnyamazia miaka 20, cheti chake ni safi.

Kwa The Cadets, masharti yalikuja wakiwa wamechelewa. Iliwafikia kesi ya madai kuhusu dhuluma inayosemekana kutendeka miaka ya 1980, wakati vijana wa leo hawajazaliwa. Gharama zake zikawashinda, na Aprili 2024, miaka 90 baada ya ile siku ya parokiani, wakatangaza kufunga. Ilibaki kama mwezi mmoja tu kambi ya Mei ianze. Vijana walikuwa wamekwisha kuchaguliwa, wamehudhuria kambi za baridi, wamejifunza nyimbo. Bendi nyingine zikajitokeza kutangaza nafasi zilizobaki, na waliobahatika wakaingia huko, wakaanza kujifunza muziki mwingine na hatua nyingine.