Kabla Hujatuma Pesa ya Vitz: Jinsi ya Kupima Gari Dogo la Mtumba



Jumamosi moja asubuhi, mwenzetu wa ofisini anayekaa Huruma, hapa Eldoret, alitupigia simu akiwa mahali pa kuuzia magari. Kwenye simu yake na Sacco alikuwa na jumla ya shilingi 450,000, akiba ya miaka mitatu. Mbele yake kulikuwa na Toyota Vitz ya rangi ya fedha, imeoshwa ikaoshwa tena. Bei 350,000. Broka naye alikuwa anamharakisha: "Madam, tuma kumi tu nikushikie. Kuna jamaa anatoka Kapsabet saa nane, na ako na pesa mkononi."

Kumi hapo ni elfu kumi, kwa wale hawajawahi kununua gari.

Alitaka jibu moja tu, atume au asitume? Tulimwambia asitume. Hatukujua kama gari lina kasoro. Hakuna mtu angejua akiwa kwa simu. Lakini kila siku tunaona watu wakituma kwanza halafu wanaanza kuuliza maswali, na pesa ikishafika kwa mtu na kutolewa kwa ajenti, kuirudisha ni kazi ngumu. Kwa gari la mtumba, kutuma pesa kunafaa kuwe kitu cha mwisho.

Anza na jina, si injini

Ukiwa na nambari ya gari, unaweza kuomba taarifa zake kwa NTSA kupitia eCitizen. Ada ni shilingi 550 na unalipa kwa simu. Utaona mmiliki aliyesajiliwa, aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa, nambari ya chesisi na ya injini. Mwenzetu alifanya hivyo akiwa amesimama pale pale. Jina la broka halikuwepo, na jina la "anko" ambaye broka alisema ndiye mwenye gari halikuwepo pia. Yalitokea majina mawili: mtu asiyemjua, pamoja na taasisi ya mikopo.

Jina la mkopeshaji likiwa kwenye usajili, mara nyingi maana yake ni kwamba kuna deni ambalo halijaisha. Unaweza kulipa bei yote, ukaendesha miezi miwili, halafu gari likaja kuchukuliwa kwa deni la mtu mwingine. Kwa hivyo usiridhike na logbuku unayoonyeshwa kwa mkono au picha ya WhatsApp. Tafuta mwenyewe kwenye mfumo, kisha linganisha nambari ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, rudi nyumbani.

Jambo jingine linalochanganya watu ni herufi za namba. Mtu anaona KDA anafikiri gari ni jipya. Namba za KDA zilianza kutolewa 2020, lakini hiyo ni tarehe gari liliposajiliwa Kenya. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, kwa hivyo KDA inaweza kuwa gari la 2013. Sheria hiyo hiyo ndiyo inafanya Vitz ya 2009 bado iwe na bei. Huwezi kuiagiza tena kutoka Japani, na zile changa zinazokuja zinabeba ushuru mkubwa, basi hizi za zamani tunazidi kuuziana sisi kwa sisi.

Gari lina bei mbili

Bei ya kwanza ni ile unaambiwa. Ya pili ni ile utalipa fundi ndani ya miezi mitatu ya kwanza ili gari liwe la kuaminika. Jumlisha zote mbili, hiyo ndiyo bei yako halisi. Gari la 350,000 linalotaka giaboksi linaweza kukutoa pesa nyingi kuliko la 420,000 linalotaka tairi.

Kujua bei ya pili, nenda na fundi wako, si yule ambaye broka "anamjua". Mlipe siku yake. Nenda asubuhi mapema, na umwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ina joto, jiulize ni nini walikuwa wanaficha, kwa sababu injini baridi ndiyo inasema ukweli. Asubuhi za Eldoret zina baridi, kwa hivyo mvuke mweupe kidogo kwenye egzosi kwa dakika chache si shida. Moshi wa bluu ni injini inayokula oili. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto unaweza kuwa maji yanaingia ndani ya injini. Fungua kifuniko cha oili pia: ukiona kitu kama chai ya maziwa, oili na maji vimechanganyika.

Washa swichi bila kuwasha injini na uangalie dashibodi. Taa ya injini na ya eabegi zinafaa kuwaka, kisha zizime baada ya muda au injini ikishawaka. Kama taa ya injini haiwaki kabisa, usifurahi. Kuna watu huitoa ili usione onyo. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari atakuambia zaidi ya macho.

Kuhusu kilomita, hatuamini namba peke yake. Gari likisema kilomita 70,000 halafu raba ya pedali ya breki imeisha na usukani umekuwa laini kama sabuni, namba imerudishwa. Tazama kiti cha nyuma na alama za stika kwenye milango. Magari mengi madogo yamefanya kazi ya teksi za programu, na hayo hutembea sana. Tairi nazo zina tarehe: tarakimu nne za mwisho kwenye kodi ya pembeni, 2319 ikimaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na muuzaji akijisifu kwamba amebadilisha mkanda wa taimingi wa Vitz ya 1000cc, muulize aliupata wapi. Injini hiyo inatumia cheni.

Halafu endesha, na usiishie kuzunguka mtaa. Eldoret iko juu kama mita 2,100, na hapa injini ndogo isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa. Vitz ya 1000cc inayopaa vizuri ikiwa na mtu mmoja itakuambia mengine ikibeba watu wanne na magunia mawili kupanda kuelekea Iten. Ipakie vile utaitumia. Kama kazi yako ni ya mizigo au safari za Timboroa, sisi tungesema tafuta ya 1300cc hata kama inakula mafuta kidogo zaidi.

Magari mengi ya aina hii, kama Nissan Note na Vitz zenyewe, yana giaboksi ya CVT. Ukiweka D, gari linafaa kushika mara moja bila kupiga teke. Kuvuma kwa sauti kali au kuchelewa kushika mlimani ni dalili mbaya. Uliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini na ni ya aina gani. CVT inataka oili yake maalum, na iliyowekwa oili yoyote tu huwa inangoja siku yake.

Sasa kulipa

Mwenzetu aliachana na Vitz ya kwanza. Wiki tatu baadaye alipata nyingine ya mwalimu mmoja, bei 420,000. Fundi aliandika orodha: tairi nne, shoku za mbele, betri, na sevisi. Maduka ya spea yalimpa jumla ya 52,000. Aliweka karatasi hiyo mezani, hakupiga kelele, na wakaelewana 385,000. Ukijumlisha, 437,000. Alibaki na 13,000.

Kwa sheria za sasa huwezi kutuma zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja wa simu, wala kupita 500,000 kwa siku. Alitumia kikomo hicho vizuri. Walitia sahihi mkataba mbele ya wakili, akatuma 250,000. Muuzaji ndiye huanzisha kuhamisha umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen, na mnunuzi anakubali kwenye yake. Walifanya hivyo wakiwa wamekaa pamoja, ndipo akatuma 135,000 iliyobaki. Mara zote mbili, kabla ya kuweka PIN, alisoma jina lililotokea kwenye simu: lilikuwa lile lile la kwenye logbuku. Ukiambiwa "tuma kwa hii ya bibi yangu, yangu imejaa", subiri ya kwake ipatikane au mwende benki.

Bima ya mwenye gari wa zamani haikufuati. Nunua yako kabla hujatoka na gari, angalau ile ya lazima ya kulinda watu wengine barabarani. Yeye aliilipia akiwa kwa wakili, akaendesha polepole hadi Huruma na tairi zile za zamani, na Jumatatu asubuhi gari lilikuwa kwa fundi.