Kunoki si Kushika: Kiswahili cha Gereji ya Katito

Wapo baadhi yetu, walimu wa Kiswahili, tunaoamini kwamba lugha hii ina makao mawili tu: darasani na kamusini. Kinachosemwa kwingineko, hususan mahali penye oili na vumbi, tunakiita lugha ya mtaani na kukipiga mstari mwekundu. Ndugu msomaji, ningependa kukusimulia jinsi kitenzi kimoja cha gereji kilivyopandisha bei ya gari zaidi ya maradufu, na aliyeilipa bei hiyo ni mimi.

Katito ni kituo cha biashara katika Nyakach, mahali ambapo barabara itokayo Ahero kuelekea Sondu na Kisii hukutana na ile iendayo Kendu Bay na Homa Bay. Aghalabu mazungumzo ya hapo ni ya Kidholuo. Hata hivyo, njia panda ni njia panda. Wakipsigis na Wagusii hupita wakienda na kurudi soko la Sondu, madereva wa malori hutoka kila upande, na gari linapoharibika Kiswahili ndicho kinachowaunganisha mwenye gari na fundi.

Karibu na kituo hicho, chini ya mwembe katika boma la mjane mmoja, palikuwa na pikapu aina ya Peugeot 504 iliyokuwa haijasogea kwa miaka kumi na mmoja. Vijana wa leo huenda wasijue heshima ya gari hilo. Lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka wa 1968. Ove Andersson akashinda nalo mbio za Safari Rally mwaka wa 1975, na Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka wa 1978. Kwa wazazi wetu wa Nyanza, hata hivyo, sifa yake haikuwa ya mbio. Lilibeba maiti, maharusi, magunia ya mahindi na walimu wa shule za bweni, tena kwa barabara ambazo mvua ikinyesha udongo wake mweusi hugeuka ulimbo.

Mjane aliniambia kwa masikitiko, "Injini ilinoki." Neno hilo alikuwa amelirithi kwa marehemu mumewe, na ndilo alilowaambia wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao walikuwa wamemwahidi shilingi 25,000.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Asili yake ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kugonga au kubisha. Waingereza hulitumia kwa ile sauti ya kugonga isikikayo ndani ya injini yenye hitilafu. Mafundi wetu walilichukua, wakaliongezea irabu, wakalipeleka mbele hatua moja: kwao kunoki si mlio tena, bali ni kifo kinachofuata mlio huo. Mkosoaji atasema wamekosea maana. Mimi nasema wamefanya kile ambacho Waswahili wa pwani walifanya zamani. Usukani, neno lenye asili ya Kiarabu, ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuingia motokaa. Naye rubani aliongoza jahazi kabla ya kupaa angani na ndege. Hakuna anayewapigia hao mstari mwekundu.

Nilikuwa nimekuja na fundi, mzee ambaye sote humwita jaduong'. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa vidole. Oili ilikuwa nyeusi na nzito, lakini haikuwa nyeupe kama maziwa, dalili ya maji kuingia, wala haikuwa na chembe za chuma. Akatoa plagi nne, akachungulia kwa tochi, akanusa. Kisha, kabla sijatamka bei yoyote, akamgeukia mwenye gari.

"Mama, hii haijanoki. Imeshika tu."

Kwa mafundi niliofanya nao kazi, tofauti ya vitenzi hivyo ni kubwa. Injini hunoki ikiwa inatembea: oili imekwisha au maji yamekauka, joto linapanda, beringi zinayeyuka na kung'ang'ania krenkishafti, pistoni zinakwaruza silinda. Lakini injini hushika ikiwa imelala. Hewa yenye unyevu, na huku kando ya ziwa haikosekani, hupenya kupitia vali iliyoachwa wazi, kutu ikaunda mshikamano mwembamba baina ya ringi na ukuta wa silinda. Ya kwanza ni maiti. Ya pili ni mgonjwa. Katika sentensi ile moja pikapu ilitoka kwenye bei ya chuma cha kupimwa kwa kilo ikaingia kwenye bei ya gari. Tuliafikiana shilingi 60,000. Nilipomtazama jaduong' kwa jicho la kuuliza yuko upande wa nani, alikuwa tayari anarudisha plagi.

Matibabu yenyewe yalihitaji subira kuliko nguvu. Tulimimina oili nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa katika kila silinda, tukaiacha siku tano, tukiongeza kila jioni. Kulivuta gari kwa trekta ili injini izunguke kwa lazima kulikatazwa kabisa, kwa kuwa ringi zingevunjika. Siku ya sita tuliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, tukaweka gia ya nne, tukalitikisa gurudumu mbele na nyuma, polepole. Mwendo wa upana wa kidole ulipopatikana, tulijua tumeshinda.

Ilibidi hata hivyo silinda hedi ing'olewe, kwani kutu ilikuwa imekula ringi. Hapo ndipo nilipofundishwa na mwanafunzi wa jaduong', kijana aliyeacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo. Injini ya 504 ina slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, na slivu hizo hutoka. Maji ya kupoza huzizunguka moja kwa moja. Hedi ikishaondolewa hakuna kinachozikandamiza, kwa hiyo ukizungusha injini pistoni huzinyanyua, mpira wa chini huachia, na maji huingia kwenye oili. "Japuonj," aliniambia, "kwanza uzibane slivu kwa bolti na washa, ndipo uzungushe." Mzingo mzima wa sababu na matokeo aliueleza bila kusita.

Nilimwambia kwamba krenkishafti huitwa pia fitokombo. Alicheka. "Fito ni za kujengea nyumba, japuonj. Hiki ni chuma." Pingamizi lake ni la kiisimu, tena la maana: istilahi imelenga umbo ikasahau uzito. Binafsi nalipenda neno fitokombo, lakini sikuwa na jibu la haraka.

Seti ya slivu na pistoni tuliipata Grogan, Nairobi. Injini iliwaka siku ya Jumamosi, ikitoa moshi wa kutosha kuwafukuza kuku wote.

Kijana yule akirudi shuleni leo, mtihani wa ufundi wa kidato cha nne utamjia kwa Kiingereza, na insha ya Kiswahili huenda ikamtaka aeleze faida za misitu. Maarifa yake hayana karatasi ya kuandikiwa. Nilimwomba aniandikie kanuni ya slivu. Aliandika nusu ukurasa kwa penseli, nami nikausoma mbele ya wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, nikawataka waandike upya kwa Kiswahili sanifu bila kupoteza hatua hata moja. Mmoja aliandika "ukuta wa silinda", mwingine "mrija", wa tatu "kifuko cha pistoni". Tulibishana hadi kengele ikalia, na slivu ikabaki slivu.