Weusi Ukutani: Funzo Kutoka Katika Imigongo

Mtu akipaka sebule yake rangi nyeusi, au bluu iliyokoza hadi ikakaribia weusi, majirani hushangaa. Wengi huihusisha rangi hiyo na giza au msiba. Hata hivyo, hapa Rwanda weusi ulipamba kuta za ndani za nyumba kabla ya rangi za madukani kufika. Makala haya yanaeleza jinsi ulivyotumiwa bila kukitia chumba giza.

Sanaa yenyewe huitwa imigongo, na chimbuko lake ni Gisaka, eneo ambalo leo limo katika Mkoa wa Mashariki. Masimulizi humtaja mwana wa mfalme aitwaye Kakira ka Kimenyi kuwa ndiye mwanzilishi. Mwanafunzi wa Kiswahili atalitambua jina hilo mara moja: umugongo, imigongo; mgongo, migongo. Ni ngeli ileile na maana ileile. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu, kisha hufinyangwa kwa vidole ukutani au juu ya ubao mpaka itokeze mistari iliyoinuka kama migongo. Kikikauka, hupakwa rangi.

Rangi kuu za asili za sanaa hii ni chache: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hizo ndizo rangi tatu ambazo Kiswahili huzitaja kwa vivumishi vyenye kupatana na ngeli: -eusi, -eupe, -ekundu. Nyingine nyingi tumeziazima kutoka kwenye vitu: kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, kijani kwa jani. Nyeusi ya imigongo hutokana na majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na utomvu wa mshubiri na tunda la intobo. Nyeupe na nyekundu hutokana na udongo.

Kwa nini nyeusi hiyo haielemei macho? Sababu ni mbili. Kwanza, rangi nyeusi hunywa mwanga na nyeupe huurudisha. Zikikaa bega kwa bega, kila moja huipa nguvu mwenzake. Pili, migongo ile hunasa mwanga upande mmoja na kutupa kivuli upande wa pili, hivyo ukuta hauonekani kama shimo.

Kanuni hizo zinafaa hata kwa rangi ya kopo. Paka ukuta mmoja, hasa ule unaotazamana na dirisha, na uache dari na kuta nyingine ziwe nyeupe pe. Jaribu kipande kidogo kwanza, ukitazame asubuhi na tena usiku taa ikiwaka. Epuka rangi yenye mng'aro ikiwa lipu ina mabonde, kwani kila kasoro itaonekana. Chumba chenye dirisha dogo, ambamo mtoto husomea, kisipakwe nyeusi ti pande zote: taa iliyokuwa ikitosha haitatosha tena. Kumbuka pia kwamba kurudisha weupe juu ya weusi huhitaji mikono kadhaa ya rangi, na kila mkono ni gharama.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, sanaa hii ilikaribia kutoweka. Wanawake wa Nyakarambi walijiunga katika ushirika wakaifufua, na kazi zao sasa hupamba nyumba na hoteli. Basi, anayetaka weusi ukutani aanze kwa kutazama kazi za mikono yao.